Getini Alizuiwa, Dirishani Akauziwa Anwani

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hasa baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuizindua rasmi Tume inayoisimamia tarehe 3 Aprili 2024, hapa Mtwara nimekuwa nikisikia tafsiri moja: hiyo ni sheria ya mabenki na makampuni ya simu, mambo ya kompyuta, mambo ya Dar es Salaam. Wenye ofisi wanaiona kama ada nyingine ya kulipa. Wazazi hawaioni kabisa. Naamini tumeisoma kinyumenyume. Sheria hii inahusu mlango wa nyumba, na anayepaswa kuielewa kabla ya meneja wa benki ni mzazi mwenye binti aliyeanza kujulikana, yule anayepigwa picha za mitindo, anayeigiza, anayetangaza vitenge vya fundi wa mtaani. Nikisema hivyo namkumbuka msichana ambaye hakuwa na habari na Mtwara yetu: Rebecca Schaeffer, mwanamitindo na mwigizaji wa Marekani aliyeuawa mlangoni kwake Los Angeles tarehe 18 Julai 1989, akiwa na miaka 21. Kifo chake husimuliwa kama kisa cha umaarufu uliomponza mtu. Hoja yangu ni kwamba kilichomfikisha muuaji pale mlangoni ni karatasi, na karatasi za aina ile zimejaa kwenye kaunta zetu.

Nianze na yeye mwenyewe, maana anayeuawa akiwa kijana hunyang'anywa hata maisha aliyokwisha kuyaishi. Watu hubaki na siku ya kifo tu. Rebecca alizaliwa tarehe 6 Novemba 1967 mjini Eugene, jimbo la Oregon, akakulia Portland, mtoto pekee wa baba mwanasaikolojia na mama mwandishi. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, na kuna wakati alifikiria kuwa rabi, yaani kiongozi wa dini. Mambo yakaenda kwingine. Akiwa bado mwanafunzi alianza kupigwa picha za katalogi za maduka na kuonekana kwenye matangazo ya televisheni, na mwaka 1984, akiwa na miaka 16, wazazi wake walimruhusu kwenda New York kutafuta kazi ya uanamitindo. Mzazi yeyote anajua uzito wa ruhusa hiyo. Kule akaambiwa ni mfupi. Alikuwa na futi 5 na inchi 7, kimo ambacho kwetu angeitwa mrefu, lakini kwenye majukwaa ya mitindo hakikutosha. Akapata sehemu katika tamthilia ya mchana, kisha mwaka 1985 akaenda hadi Japani kutafuta kazi ya uanamitindo, akarudi. Kilichombadilishia maisha ni picha yake kwenye jalada la jarida la Seventeen. Watu wa televisheni wakaiona, wakamwita, na kuanzia 1986 hadi 1988 aliigiza kama mdogo mtu katika tamthilia ya vichekesho ya kituo cha CBS, pamoja na mwigizaji Pam Dawber aliyekuwa dada mtu. Miaka mitano tu tangu aondoke kwao hadi kifo chake, na katika miaka hiyo aligonga milango mingi sana, yeye mwenyewe, kwa adabu, akisubiri kukaribishwa.

Wakati huohuo, mjini Tucson, jimbo la Arizona, kulikuwa na kijana aliyekuwa akimwandikia barua. Rebecca alimjibu, kama wasanii waungwana wanavyowajibu mashabiki. Kijana akaugeuza ule wema kuwa ahadi. Mwaka 1987 akasafiri hadi kwenye studio za Warner Bros., tamthilia ilikokuwa ikirekodiwa, akitaka aonane naye. Walinzi wa getini wakamzuia. Akarudi mara ya pili, safari hii na kisu, wakamzuia tena. Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo palipo na kiini cha jambo lote. Geti lilifanya kazi. Palikuwa na mtu aliyemtazama usoni, akamuuliza unamtaka nani na una shida gani naye, akaona majibu hayakai sawa. Miaka miwili baadaye kijana yuleyule, sasa ana miaka 19, akaachana na geti akaifuata karatasi. Alimlipa mpelelezi binafsi dola 250, na mpelelezi akaipata anwani ya Rebecca kwenye rekodi za idara ya magari ya California, idara ambayo kila mwenye leseni ya udereva alilazimika kuipa anwani yake. Hapakuvunjwa kufuli. Hapakuibwa faili. Rekodi ilitolewa na ofisi kwa taratibu zake za wakati ule, na hakuna popote njiani alipotokea mtu wa kuuliza anayeitaka anaitakia nini. Bastola aliipata kupitia kaka yake.

Asubuhi ya tarehe 18 Julai Rebecca alikuwa nyumbani akijiandaa kwa usaili wa filamu ya mwongozaji Francis Ford Coppola, na alikuwa akisubiri kuletewa skripti. Kengele ikalia. Kile chombo cha kuzungumza na mtu aliye nje kabla ya kumfungulia kilikuwa kibovu, kwa hiyo akaenda mlangoni mwenyewe. Alizungumza na kijana yule kwa muda mfupi, akamwomba asirudi tena. Kijana akaenda mgahawani, akala, akarudi. Kengele ikalia mara ya pili, akaenda tena kufungua, akapigwa risasi ya kifua. Muuaji alikamatwa Tucson siku iliyofuata. Mwaka 1991 akatiwa hatiani na kufungwa maisha bila nafasi ya kuachiwa.

Jambo linaloniuma ni kwamba Rebecca hakuwa wa kwanza. Machi 1982 mwigizaji mwingine, Theresa Saldana, alichomwa visu nje ya nyumba yake katika eneo hilohilo na mtu aliyemfuata kutoka Scotland. Mtu huyo naye alitumia mpelelezi, akapata namba ya simu ya mama yake Theresa, akampigia mama akijifanya msaidizi wa mwongozaji Martin Scorsese: kuna kazi ya haraka, binti anapatikana wapi? Mama akatoa anwani. Mama gani asingeitoa, akisikia mwanawe amepata kazi? Theresa alipona, akaishi hadi 2016, na akaanzisha chama cha kuwasaidia walioumizwa kama yeye. Lakini upenyo ule uliachwa wazi miaka saba, hadi akapita mwingine.

Baada ya Rebecca ndipo ukaanza kuzibwa. Mwaka 1990 California ikawa jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria inayofanya kumwandama mtu kuwa kosa la jinai lenyewe, ikaanza kutumika Januari 1991, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda rekodi za madereva ili anwani zisiwe zinatolewa ovyo. Jimbo la South Carolina liliipinga hadi Mahakama ya Juu, likidai serikali kuu imeingilia mamlaka yake. Januari 2000 majaji wote tisa wakaikataa hoja hiyo. Na kuna kipande ambacho wasimulizi wa kisa hiki hukiruka. Sheria ya 1990 haikuzaliwa na kifo cha nyota wa televisheni peke yake. Ilisukumwa pia na vifo vya wanawake wa kawaida wa Orange County, hukohuko California, waliouawa ndani ya wiki chache na wanaume waliowahi kuwa nao, wakati mahakama ilikwisha kuwakataza wanaume hao wasiwasogelee. Wanawake hao hawakuwa na jalada la jarida. Walikuwa na anwani.

Sasa tuje nyumbani. Siku moja nilinunua bagia karibu na stendi, nikafungiwa kwenye karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Nilipozimaliza nikaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa orodha ya kikundi cha mikopo: safu ya majina, safu ya mtaa, safu ya namba za simu, na mwisho jina la mdhamini na uhusiano wake na mkopaji. Wanawake kumi na wanane. Mafuta yalikuwa yamepita katikati ya ukurasa lakini kila namba ilisomeka, na mbele ya jina moja kulikuwa na alama nyekundu ya kalamu, nadhani ni ya mwenye deni. Muuza bagia hana kosa, karatasi kauziwa kwa kilo. Aliyeziuza ndiye aliyekabidhiwa siri za wanawake wale, na naamini hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anasafisha kabati.

Ukishaanza kuliona jambo hili unaliona kila mahali. Kwa wakala wa pesa daftari liko kaunta, kalamu imefungwa kamba: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Ukiandika mstari wako unaisoma mistari yote ya waliokutangulia, na anayekuja nyuma yako anausoma wako. Nyumba ya wageni ina daftari kubwa lenye jina, kabila, utokako na uendako, limelazwa wazi mapokezi. Steshenari inatoa nakala ya kitambulisho cha NIDA, ya kwanza inatoka hafifu, inatupwa kwenye boksi chini ya meza. Orodha za wanafunzi zinabandikwa ubaoni zikiwa na namba za wazazi. Halafu kuna simu yenyewe. Tangu tulipotakiwa kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi ambalo tarehe yake ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, nyuma ya kila namba kuna jina kamili la mtu; yeyote akianza kukutumia shilingi elfu moja, jina lako linamtokea kwenye kioo kabla hajathibitisha. Na mwaka 2022, kuelekea Sensa ya tarehe 23 Agosti, nyumba zetu zilipewa namba na mitaa ikasimikiwa nguzo za majina. Kila kimoja katika hivi kina faida yake, na anwani za makazi mimi mwenyewe nazitetea, maana gari la wagonjwa likiitwa Mikindani usiku haliwezi kuelekezwa kwa mwembe. Hatari inakuja vikiungana: jina kutoka kwenye simu, mtaa kutoka kwenye orodha, namba ya nyumba ukutani. California ya 1989 mtu alihitaji dola 250 na mpelelezi. Kwetu anahitaji elfu moja kwenye simu na subira kidogo pale kaunta.

Mtaani kwetu kuna binti anayepigwa picha na fundi wake wa nguo za vitenge, na ameigiza kwenye video fupi kadhaa. Kuna mwanaume alianza kumpigia usiku akimtaja kwa majina yake matatu, kisha akaanza kumtajia rangi ya geti la kwao. Kikao cha familia kikaamua upesi: picha zote zifutwe, aachane na mambo ya kujionyesha. Nilipozungumza naye aliniambia kwa sauti ya chini, "Anko, kwenye picha natumia jina la utani, na namba iliyopo pale ni ya fundi. Majina matatu nimeyaandika kwa wakala tu." Alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya upelelezi peke yake, na hakuna mkubwa aliyemsikiliza. Picha zilifutwa. Simu za usiku ziliendelea.

Kikao kile kilifuata hoja ambayo ni dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa ndiyo yenye sauti kubwa: mabinti wanajianika, basi wasilalamike. Hata kwa Rebecca ilisemwa hivyo. Muuaji alikuwa amekasirishwa na filamu ya 1989 ambamo Rebecca alionekana kitandani na mwanaume, na wapo walioichukua hasira hiyo kama maelezo yanayotosha. Lakini kisu kilikwisha kufika getini mwaka 1987, alipokuwa bado anaigiza binti mpole katika tamthilia ya kutazamwa na familia nzima. Mavazi hayakumleta mtu yule, wala kuigiza vibaya au vizuri. Na tukikubali kwamba aliyejianika hana haki ya kulindwa, wale kumi na wanane wa kwenye karatasi ya bagia walijianika wapi? Walikopa mtaji wa kuuza samaki. Kusini tuna unyago. Mwali anafundwa na kungwi namna ya kukaa, kusema na kujistahi, na mimi ni mmoja wa wanaoamini mafunzo hayo yana thamani kubwa. Hakuna kungwi anayeweza kumfunda mwali namna ya kulifunga daftari lililo mikononi mwa mtu mwingine. Ulinzi wa daftari ni kazi ya mwenye daftari.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: Mtwara si Los Angeles. Hapa tunajuana. Ukishuka kwenye gari ukauliza kwa fulani ni wapi, mtoto atakushika mkono hadi mlangoni. Sasa unaficha anwani ya nini wakati mtaa mzima unaijua? Hoja hii ina ukweli, tena ukweli mzuri, lakini wanaoitoa hawajaitazama kwa karibu. Mtoto hakushiki mkono kabla mama yake barazani hajauliza: wewe ni nani, unatoka wapi, una undugu gani naye? Ukifika mlangoni unabisha hodi, unajibiwa "nani?" kabla ya "karibu". Ukiwa na jambo zito unapitia kwa balozi wa nyumba kumi. Ukitoka, mtaa mzima unajua fulani kaja na kavaa nini, na siku likitokea la kutokea kuna watu kumi wa kumtaja. Kwa maneno mengine, anwani ya mtu ikiwa mdomoni mwa jirani inalindwa na uso wa jirani. Inatoka kwa kuulizwa, na anayeichukua anajulikana. Hilo ndilo geti la Warner Bros., nasi tulikuwa nalo barazani zamani za kale. Karatasi haiulizi nani. Daftari halikumbuki lilisomwa na nani. Kwa hiyo desturi yetu ya kujuana, ikitazamwa vizuri, inaitetea sheria hii: sheria inaitaka karatasi iwe na adabu ileile aliyonayo jirani.

Tena Mtwara ile ya kujuana wote nayo inabadilika. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa 2003, na safari ya Dar es Salaam ambayo wazee wetu waliikaa siku kadhaa ikawa ya kutwa moja. Ukaja utafutaji wa gesi, bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, na bandari ikapanuliwa. Kila msimu wa korosho wanamiminika wanunuzi, madereva, wapagazi, wakaguzi, vijana wa kila mkoa wanaotafuta riziki, na wengi wao ni watu wema kuliko sisi wenyeji. Nafurahi kuona mji unachangamka. Tunaposema Mtwara kuchele, yaani kumekucha, tunamaanisha. Lakini mtu aliyepanga chumba Magomeni ya hapa Mtwara kwa miezi mitatu hajulikani na balozi, wala yeye hamjui balozi. Baraza limepungua nguvu mwaka hadi mwaka, na daftari limeongezeka nguvu. Tumehama kutoka ulinzi mmoja kabla hatujaujenga mwingine.

Wapo wanaosema bunduki ndiyo iliyomuua Rebecca, na kwa kuwa kwetu bastola hazinunuliki kirahisi, kisa chake hakituhusu. Wazazi wake wenyewe waliingia kwenye harakati za kudhibiti silaha baada ya msiba, kwa hiyo silaha siyo jambo la kupuuza. Ila Theresa alichomwa kisu, na kisu hakina leseni.

Hoja ninayoipa uzito wa kweli ni ya wenye biashara ndogo na ya waandishi wa habari. Wakala anayekaa chini ya mwavuli pale sokoni anauliza: nijisajili, nilipe, nibadili taratibu, kwa faida gani ninayoipata kwa siku? Swali lake ni la haki. Sheria iliyotungwa kwa kufikiria kampuni zenye wanasheria inaweza kumwangukia mtu mwenye kiti kimoja, na tukiilazimisha kwa faini tu tutamfundisha kuficha daftari maofisa wakipita kisha kulirudisha kaunta. Waandishi nao wanahofia kwamba ofisi ikiulizwa fedha za umma zimekwenda wapi itajibu, samahani, hizo ni taarifa binafsi. Hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa tuaminiane. Mkataba wa zabuni si taarifa binafsi ya mtu. Namba ya nyumba ya karani aliyeuandika ndiyo taarifa binafsi, na mstari huo unapaswa kuchorwa wazi, mapema, kabla hujachorwa na mwenye la kuficha. Hata Wamarekani hawakumaliza kazi: sheria yao ya 1994 iliacha ruhusa nyingi, kwa mahakama, kwa polisi, kwa kampuni za bima, na hata kwa wapelelezi binafsi wenye leseni wanaotaja sababu inayokubalika kisheria. Kila ruhusa ina sababu yake na kila ruhusa ni upenyo. Sidai kwamba sheria ni ukuta usiopitika. Nadai kwamba pale getini lazima awepo wa kuuliza.

Na sheria yetu, ukiisoma, inauliza. Sheria Namba 11 ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azikusanye kwa lengo linalojulikana, asizitumie kwa lengo jingine, na azilinde dhidi ya kuvuja na kuangukia mikono isiyohusika. Anayezitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, kwa mtu binafsi. Kampuni inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 5. Mwenye kuumizwa anaweza kulalamika kwa Tume. Wala si jambo la kuletwa na wageni. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake, na pia heshima na hifadhi ya maskani yake. Maskani. Neno limeandikwa pale, na sisi tumekuwa tukilipita kana kwamba linahusu polisi kuvunja mlango tu, wakati mlango unaweza kuvunjwa kwa mstari wa daftari.

Linalofuata, kwa maoni yangu, ni la kufanyika hapahapa mkoani, bila kungoja semina kutoka makao makuu. Daftari la wakala ligeuzwe lielekee kwa wakala, au mistari iliyotangulia ifunikwe kwa kipande cha kadibodi. Gharama yake haifiki bei ya soda. Namba za simu ziondolewe kwenye orodha za kubandikwa ubaoni. Vikundi vya mikopo na vyama vya ushirika vichome makaratasi vilivyomaliza nayo, visiyauze kwa kilo. Steshenari zichane nakala mbovu mbele ya mteja. Kampuni za simu zieleze kwa nini mtu ambaye hajatuma hata senti aoneshwe majina yote matatu ya mpokeaji. Jina la kwanza na herufi za mwanzo za mengine zingetosha kuhakiki kwamba pesa haipotei. Na dawati la jinsia polisi, binti akifika na simu ishirini za usiku, swali la kwanza liwe huyu mtu namba yako ameipata wapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa usumbufu wa ujumbe, na kutishia kuua ni kosa siku zote, lakini kumwandama mtu hatua kwa hatua, bila kumtishia waziwazi, bado tunakuchukulia kama uchumba uliokataliwa. Kwenye maneno ya mtaani tunasema "amemganda", tukicheka. Kijana wa Tucson alimganda Rebecca miaka mitatu.

Binti wa mtaani kwetu ameanza tena kupigwa picha, kwa ridhaa ya mama yake, na laini ameibadilisha. Kuisajili laini mpya alipeleka kitambulisho chake, majina yake yote matatu, na alama za vidole. Kutoa pesa ya kwanza iliyoingia kwenye laini hiyo alikwenda kwa wakala yuleyule, kwa sababu ndiye aliye karibu na nyumbani, akapewa kalamu yenye kamba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mji utajaa tena.